Zoanthidi zinafunga, aiptasia wanazaana: wenye matangi ya maji chumvi Dodoma njooni

#1 Tumbawe_Ilazo
Wakuu, habari za jioni.

Niko Ilazo, Dodoma. Nina tangi la maji chumvi la lita 200, lina mwaka mmoja na miezi minne. Ndani nina matumbawe laini machache na mawe mawili ya zoanthidi, vinyama jamaa wa matumbawe wanaoota kwa makundi juu ya jiwe. Hizi zoanthidi ndizo roho yangu. Nilizinunua Dar zikiwa polipi 11 (polipi ni kinyama kimoja kimoja chenye mdomo na mikono) kwenye kijiwe kinacholingana na kifuniko cha soda, nikapanda nazo treni nimepakata mfuko mapajani njia nzima. Nikazilea mpaka jiwe la kwanza pekee likafika polipi 83. Nilikuwa nazihesabu kila Jumapili nikitoka kanisani.

Wiki tatu sasa jiwe hilo limefunga. Polipi zimejikunja kama ngumi za mtoto mchanga, nyingine zimeyeyuka kabisa, zimebaki hamsini na kitu. Jiwe la pili halina shida yoyote. Wakati huohuo wamejitokeza aiptasia, wale anemoni wadogo wasumbufu wenye mikono. Walianza wawili nyuma ya pampu, nikawakwangua kwa kisu. Leo nimehesabu 26.

Vipimo vyangu: chumvi 35 kwa elfu, joto 25, alikalini 9, kalisiamu 420, naitreti 10. Maji natumia ya mtambo wa kuchuja, nabadilisha lita 20 kila wiki.

Picha ya tangi nimeiambatisha. Je, aiptasia ndio wanaoniulia? Na niwatoeje bila kuumiza wengine?

#2 ZabibuTamu
Matumbawe Dodoma! Mimi nimezaliwa hapa na nilichojua ni zabibu, mtama na upepo. Naweka mkeka, nasubiri wajuzi.

#3 BahariMbali
Mbukwenyi wana Dodoma. Mkuu Tumbawe, pole sana.

Kisu ndicho kilichokuponza. Aiptasia hauawi kwa kukatwa. Kipande kidogo cha mguu wake kikibaki kwenye jiwe kinaota mzima mpya, na vile vilivyopeperuka na maji vinatua kwingine na kuota. Hata asipoguswa, akitambaa huacha nyuma vinyama vya mguu vinavyogeuka watoto. Ndiyo maana wawili wako wamekuwa 26.

Ana mikono yenye seli zinazochoma kama kiwavi washa, kwa hiyo tumbawe lililo jirani linaumia na kujifunga. Ila nimeikuza picha yako. Aiptasia wengi wako kushoto, na jiwe lililofunga liko kulia kabisa. Kwa hiyo aiptasia ni tatizo, lakini sidhani kama ndio wauaji wa hilo jiwe.

#4 Mzee_wa_Veyula
Mnazungusha maneno. Toa jiwe, tia kwenye sufuria, chemsha dakika kumi, kila mdudu kwisha. Mimi nilifuga samaki wa dhahabu miaka sita na mawe yote nilikuwa nachemsha.

#5 BahariMbali
TUMBAWE, USICHEMSHE HILO JIWE. Naomba na wengine mnaosoma mlishike hili.

Zoanthidi, hasa jamii ya Palythoa, hubeba sumu inaitwa palitoksini. Ni miongoni mwa sumu kali kuliko zote zinazotengenezwa na viumbe hai. Jiwe lenye zoanthidi likichemshwa, au likimwagiwa maji ya moto na kusuguliwa, sumu inapanda na mvuke. Ulaya na Marekani familia nzima zimewahi kulazwa hospitali kwa sababu ya mtu mmoja aliyetaka kusafisha jiwe: kifua kinabana, homa, kikohozi, misuli inauma. Hata mbwa wa humohumo ndani wamewahi kuugua.

Ukizishika vaa glavu na miwani, na usiguse kama una kidonda mkononi. Usizikate juu ya meza ya kulia chakula.

Mzee wangu wa Veyula, shikamoo. Mawe ya samaki wa dhahabu hayana zoanthidi, ndiyo maana ulisalimika.

#6 Mzee_wa_Veyula
Marahaba mwanangu. Hilo sikulijua, nimelifuta kichwani. Asante kwa kunisahihisha mbele ya watu kwa adabu.

#7 MamaTangi_Singida
Mleta mada, nimesoma maelezo yako nikajiona mwenyewe mwaka jana. Jiwe moja linafunga, la pili zima, vipimo vizuri. Nililia, jamani.

Hebu fanya hivi. Usiku, taa zikiwa zimezimwa kwa muda wa saa mbili, chukua tochi na kioo cha kukuzia. Tazama kwenye mashina ya polipi, wala siyo juu. Kuna konokono wadogo wasio na gamba wanaokula zoanthidi. Wana vinyama kama manyoya mgongoni, na wakila zoanthidi wanachukua rangi yake, kwa hiyo konokono akikaa juu ya polipi ya kijani naye ni kijani. Mimi nilitazama jiwe langu siku tisa bila kumwona hata mmoja. Siku ya kumi polipi moja "ikatembea". Ndipo nilipojua.

Mayai yao ni uzi mweupe uliojizungusha kama koili ya kufukuzia mbu, mdogo sana, umegandishwa ubavuni mwa polipi.

#8 Dkt_Josho
Mimi ni mtu wa mifugo, tangi nilianza baada ya kuhamia Nzuguni. Nakubaliana na Mama wa Singida na naongeza: tumbawe jipya linatakiwa kupita kwenye josho kama ng'ombe anayetoka mnadani. Hakuna anayeingiza ng'ombe wa mnadani zizini na kupe wake.

Josho la matumbawe ni ndoo yenye maji ya tangi na dawa ya ayodini. Unachovya jiwe dakika chache, unalipulizia maji kwa bomba kubwa la sindano ili wadudu waachie, unalisuuza kwenye ndoo ya pili, ndipo linaingia. Maji ya josho hayarudi tangini. Siku yangu ya kwanza kufanya hivi nilikuta chini ya ndoo nyeupe minyoo bapa minne, kaa mmoja mdogo kama mbegu ya nyanya, na vitu vingine ambavyo sikuvitambua. Fragi yenyewe, yaani kile kipande cha tumbawe, ilikuwa inang'aa, ungeapa ni safi.

Sasa ubaya wa josho ni uleule wa kupe: halipenyi mayai. Kwa hiyo unarudia kila siku tano hadi saba, mara nne au tano, ili kila kizazi kinachoanguliwa kikute dawa kabla hakijataga. Na mayai yanayoonekana unayakwangua kwa kibano.

#9 Tumbawe_Ilazo
Dokta, kwenye duka la pembejeo nimeona levamisoli, dawa ya minyoo ya mbuzi. Nimesoma mahali kwamba huko nje wanaitumia kwa minyoo bapa. Na wengine wanachovya fragi kwenye dawa ya mimea yenye imidakloprid. Ni kweli?

#10 Dkt_Josho
Ni kweli zote mbili, na zote mbili zinaua matangi ya watu.

Levamisoli hutumika kwa wale minyoo bapa wekundu wanaotapakaa tangini. Tatizo ni kwamba chupa nyingi za mifugo zimechanganywa na oksiklozanaidi, dawa ya minyoo ya ini. Hiyo usiitie kwenye tangi. Soma kibandiko mpaka mstari wa mwisho. Halafu minyoo wekundu wakifa kwa pamoja wanatoa sumu, kwa hiyo kwanza unawafyonza kwa mpira wengi uwezavyo, ndipo dawa, kisha mkaa wa kuchujia na kubadilisha maji mengi.

Imidakloprid ni ya josho tu, nje ya tangi, na glavu. Inamaliza kamba na kaa. Na maji yake usimwage bustanini maua yakiwa yamechanua, nyuki watakufa.

Ila wewe hujasema umeona minyoo. Usitibu ugonjwa ambao hujauona.

#11 ZabibuTamu
Huo mkaa wa kuchujia ni mkaa huuhuu wa gunia wa Majengo sokoni?

#12 Dkt_Josho
Hapana. Huo wa kupikia una majivu na haujafunguliwa vitundu. Wa kuchujia umepitishwa kwenye joto kali na mvuke mpaka ukawa na vitundu visivyohesabika, ndivyo vinavyonasa sumu. Mjukuu wa zabibu, naona unakaribia kununua tangi.

#13 MpanganiHalisi
Turudi kwa hao aiptasia. Dawa yao ni chokaa. Unakoroga na maji kidogo iwe kama uji mzito, unazima pampu zote, unavuta kwenye bomba la sindano, unamfuata taratibu kabla hajajikunja, unamziba mdomo nao. Baada ya dakika kumi unawasha pampu. Usifanye wote 26 kwa siku moja, chokaa inapandisha pH kwa kasi. Watano leo, watano kesho.

Na chokaa siyo ya kupakia ukuta. Kwetu Pangani ipo ya tambuu, nyeupe, laini. Bibi alikuwa anatunza kwenye kikopo cha shaba.

#14 BahariMbali
Mpangani, uko sahihi kwa njia, ila chokaa ya tambuu nina wasiwasi nayo. Hujui ilichomwa na nini wala imetiwa nini baada ya hapo. Inayofaa ni haidroksaidi ya kalisiamu safi, ile ya kusindikia vyakula.

Pia tusisahau kwamba chokaa ya pwani kwa miaka mingi imechomwa kutoka kwenye matumbawe. Mafia, Mtwara, kote huko matanuu yalikula miamba. Tutumie tumbawe lililochomwa kuokoa tumbawe la Ilazo? Hapana, moyo wangu unakataa.

#15 MpanganiHalisi
Ya Bibi ilikuwa ya makome, siyo matumbawe! Lakini hoja ya usafi nimeipokea.

#16 Fundi_Kisasa
Wakuu nimewasoma wote. Wadudu, konokono, minyoo. Mimi nasema ni chumvi.

Nafunga mifumo ya sola na nahudumia matangi matatu hapa mjini. Mwezi huu wa nane upepo wa Dodoma unakausha nguo nzito kwa saa moja. Tangi la lita 200 lililo wazi juu nimelipima linapoteza lita nne kwa siku. Maji yanaruka, chumvi inabaki. Chukua lita 200 zenye 35 kwa elfu, toa lita 12 kwa siku tatu, umebaki na 188, na chumvi imeshafika 37. Halafu Jumamosi unakumbuka, unamimina ndoo ya maji matupu kwa mkupuo, inashuka tena hadi 35. Zoanthidi zinapigwa kofi kila wiki.

Tumbawe, maji yanayopungua unayarudishaje? Na kipima chumvi umekisawazisha lini, na kwa kitu gani?

#17 Tumbawe_Ilazo
Nayarudisha kwa jagi nikitoka kazini, siku nyingine nasahau. Kipima chumvi ni cha kioo, kile kinachopima kwa jinsi maji yanavyopinda mwanga, nilikisawazisha kwa maji ya mtambo, kikasoma sifuri. Mwaka jana.

#18 Fundi_Kisasa
Hapo ndipo penyewe. Kikisoma sifuri kwenye maji matupu hakikuhakikishii kwamba kitasoma kweli kwenye 35. Pima gramu 36.5 za chumvi ya mezani iliyokaushwa, changanya na gramu 963.5 za maji ya mtambo. Maji hayo yanapinda mwanga sawasawa na ya bahari yenye 35 kwa elfu. Weka tone, zungusha skrubu yake mpaka kisome 35. Kisha pima tangi, utuletee jibu.

#19 Kijana_wa_Ng'ong'ona
Nauliza tu, mimi ni mwanafunzi. Kama chumvi ya mezani inapinda mwanga sawa na bahari, kwa nini tusinunue gunia la chumvi ya Bagamoyo tukachanganya maji ya tangi? Na pili, Dodoma tuko mita 1,100 na zaidi juu ya bahari. Labda matumbawe yanakosa hewa? Na tatu, badala ya kununua fragi zenye wadudu dukani, si mtu ashuke Kigamboni maji yakitoka achukue mwenyewe?

#20 BahariMbali
Maswali matatu mazuri.

Chumvi ya gunia karibu yote ni kloridi ya sodiamu. Maji ya bahari yana magnesiamu kama miligramu 1,300 kwa lita, kalisiamu 400 na kitu, potasiamu karibu 400, na mengine. Tumbawe linataka vyote. Kwenye kusawazisha kifaa sawa, kwenye tangi hapana.

Urefu wa Dodoma kweli unapunguza hewa inayoyeyuka majini, zaidi kidogo ya sehemu moja ya kumi. Pampu inayotikisa uso wa maji inatosha. Hatari ni umeme ukikatika usiku wa manane, pampu zikasimama.

La tatu ni hapana, ndugu yangu. Tumbawe hai halichukuliwi baharini bila kibali, na matumbawe magumu yote yako kwenye Jedwali la Pili la CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini, kwa hiyo hata kuyavusha mpaka kunataka hati. Tena za baharini ndizo zenye wadudu wengi zaidi. Mimi nimesoma Unguja, nimeshinda majini siku nzima tukiwachoma siki kwa sindano viti vya pweza (samaki nyota) vyenye miiba, mmoja mmoja, kwa sababu wanavua nyama ya tumbawe na kuacha mfupa mweupe. Tukishatoka majini mikono inatetemeka. Ukiona kazi inayofanywa kulinda kipande kimoja cha mwamba, huwezi kwenda na patasi.

#21 Dkt_Josho
Nyongeza ndogo kwa #20: zoanthidi zenyewe haziko kwenye jedwali hilo la CITES, ni matumbawe magumu. Ila kibali cha kuvua kinabaki palepale.

#22 BahariMbali
Sahihi kabisa, Dokta.

#23 MamaTangi_Singida
Na kuhusu kamba wa kula aiptasia, Tumbawe usidanganywe kama mimi. Yule anayesifiwa ni wa Atlantiki. Mimi niliuziwa mwekundu mwenye mistari myeupe na nundu mgongoni, nikaambiwa ni huyohuyo. Siyo. Huyo wa nundu aliwaacha aiptasia akaanza kunyofoa zoanthidi. Niligundua saa tano usiku, amekaa juu ya jiwe anakula kama mtu na bisi. Una kamba yeyote?

#24 Tumbawe_Ilazo
Ninaye mmoja. Nilimnunua mwezi uliopita. Mwekundu. Nundu… ngoja nikamtazame.

#25 ZabibuTamu
Tunakesha.

#26 Kijana_wa_Ng'ong'ona
Na wale konokono wanaokula aiptasia peke yake? Nimewasoma, wanaitwa Berghia.

#27 BahariMbali
Wapo, na ni wazuri. Hawali kitu kingine, kwa hiyo aiptasia wakiisha nao wanakufa njaa. Kuwafikisha Dodoma wakiwa hai ndiyo kazi. Kwa aiptasia 26 sindano ya Mpangani inatosha.

#28 Tumbawe_Ilazo
Wakuu, asanteni. Narudi na majibu ya siku nne.

Kamba: ana nundu. Nimemhamishia kwenye tangi dogo peke yake. Lakini sijawahi kumwona akila zoanthidi, na nimemvizia usiku mbili.

Chumvi: nimetengeneza maji ya Fundi kwa mizani ya jirani anayeuza dhahabu. Kifaa kilikuwa kinasoma chini. Tangi langu kumbe lina 38, siyo 35. Nimeanza kulishusha polepole, lita moja ya maji matupu asubuhi na moja jioni, juu ya yale ya kufidia yanayoruka.

Aiptasia: nimewaziba 15 kwa chokaa safi. Wawili wamerudi.

Konokono: Mama wa Singida, usiku wa tatu, saa sita na robo, nimelala kifudifudi na tochi, nimeona ule uzi. Mweupe, umejizungusha mara tatu, umekaa chini ya mdomo wa polipi. Nilikaa kimya kama mtu aliyeona nyoka. Nikautoa kwa kibano. Tatizo ni kwamba niliuona kwenye jiwe la PILI, lile zima. Kwenye lililofunga sijaona kitu.

#29 MamaTangi_Singida
Wamehama! Jiwe la kwanza zimefunga, hazina utamu tena. Ogesha yote mawili leo, usingoje kesho.

#30 Fundi_Kisasa
Au jiwe la kwanza liliuawa na chumvi 38, na konokono ndio kwanza wamefika. Kwa nini jiwe lenye mayai liko wazi na lisilo na mayai limefunga?

#31 Dkt_Josho
Inawezekana konokono ni wengine na uzi ni wa konokono wa kawaida mwenye gamba, nao hutaga mayai ya kuzunguka. Ule uzi umeutupa au unao?

#32 Tumbawe_Ilazo
Ninao kwenye kikombe cha dawa, na maji ya tangi. Nimeufunika.

#33 Dkt_Josho
Usiutupe. Wakianguliwa na kukua ndipo tutajua kama wanabaki na gamba.

#34 BahariMbali
Ogesha ayodini kama Mama alivyosema, haitadhuru. Chumvi endelea kuishusha hivyohivyo, usizidishe kasi. Swali moja ambalo hatujauliza: jiwe la kulia, kwa nje ya tangi upande huo kuna nini?

#35 Tumbawe_Ilazo
Dirisha. Na wiki tatu zilizopita tulipiga dawa ya mbu chumba hicho.

#36 Fundi_Kisasa
Dawa ya mbu ya kupuliza?! Na pampu ya hewa inavuta kutoka chumba hichohicho?

#37 Tumbawe_Ilazo
Ndiyo, mkuu. Iko dirishani. Lakini kamba na kaa wangu hawakufa.

#38 Dkt_Josho
Hiyo ya kamba kupona inanisumbua. Ilikuwa dawa gani? Nisomee kibandiko.

#39 Tumbawe_Ilazo
Kopo lilishatupwa. Namuuliza mama watoto kama anakumbuka. Kwa sasa nimemaliza josho la kwanza, chini ya ndoo nimeona kitu kimoja cha kijani, urefu wa punje ya mchele, kinajikunja. Nimekihamishia kwenye kikombe cha pili. Polipi zilizobaki jiwe la kwanza ni 47, na moja, ya pembeni kabisa, imefungua nusu.

#40 MamaTangi_Singida
Kipige picha kwa karibu. Mgongoni kina manyoya?